Barua ya Miezi Mitano

Katika sanduku langu la bati, chini ya vyeti vya kufundishia na picha za mahafali, ipo barua moja ambayo sijapata kuitupa. Iliandikwa na baba yangu mdogo kisiwani Ukerewe mwezi Machi 1973, kunijulisha kwamba baba amefariki na kwamba wataniangalia kwa siku mbili kabla ya kuzika. Wakati ule nilikuwa mwalimu kijana mkoani Dodoma. Barua ilinifikia siku ya ishirini na mbili. Chombo kilichobeba posta kutoka kisiwani kiliharibika mashine, kikakaa gatini kungoja kipuri, na barua ya msiba ikalala ndani ya gunia pamoja na barua za posa na za madai. Nilipofika nyumbani majani yalikwisha kuota juu ya kaburi.

Nimeanza na habari hii si kwa kutaka kuhurumiwa. Nimeianza kwa sababu bila hiyo msomaji hatafahamu kwa nini mzee wa Kikerewe, aliyezoea jua na dagaa, akae chini kuandika historia ya meli za posta za nchi ya Norwe.

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, ambako nilimalizia utumishi wangu nikiwa mkuu. Kila mwaka nilichora ubaoni Bahari ya Atlantiki, nikachora mshale mrefu wa chaki nyekundu kutoka Ghuba ya Meksiko hadi ncha ya kaskazini ya Ulaya, nikawaambia wanachuo: huu ni Mkondo wa Ghuba, maji yake ya vuguvugu ndiyo yanayozifanya bandari za Norwe zisigande wakati wa baridi. Wao waliandika, nami nikasahihisha, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyepata kuona maji yakiganda isipokuwa ndani ya jokofu. Kwa hiyo binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Bergen, aliponiandikia mwishoni mwa mwaka 2018 kwamba amenilipia nauli ya meli ya pwani, aliongeza kwa utani, "Baba, umeufundisha mkondo huo miaka thelathini, njoo basi uone kama hukutudanganya." Nikaenda mwezi Februari 2019, nikiwa nimevalishwa makoti mawili na kofia ya sufi hata nikashindwa kugeuza shingo.

Safari yenyewe huanzia Bergen, kusini magharibi mwa Norwe, na kwenda hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, kisha meli hugeuza na kurudi. Huchukua siku kumi na mbili kwenda na kurudi, na meli hutia nanga katika bandari 34. Pwani ile imechanwachanwa na ghuba nyembamba zinazoingia ndani baina ya milima, ambazo wenyeji huziita fiodi, na mbele yake vipo visiwa vingi mno. Meli hupita baina ya visiwa na bara, kwa hiyo mara nyingi mawimbi makubwa ya bahari kuu hayaifikii. Abiria ni wa namna mbili. Wapo watalii, Wajerumani, Waingereza, Wamarekani, wenye kamera na vyumba vya kulala. Na wapo wenyeji, wanaopanda bandari moja na kushuka ya pili au ya tatu, wengine hawana hata chumba, huketi sebuleni na mkoba wao mapajani kama abiria wa kwetu.

Asubuhi ya pili tulifika Ålesund, mji mdogo mzuri ajabu, wenye nyumba za mawe zilizopambwa minara na maua ya kuchongwa. Tulielezwa kwamba mji ule uliteketea kwa moto usiku wa tarehe 23 Januari 1904. Nyumba zilizounguka zilikuwa kama 850, watu wapatao 10,000 wakalala nje katika baridi ile, na ajabu ni kwamba aliyekufa ni mtu mmoja tu. Wa kwanza kuleta msaada mkubwa kutoka nje alikuwa Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, aliyetuma meli zenye chakula, dawa, na vifaa vya kujengea. Watu wa Ålesund hawakumsahau, mtaa mmoja wa mji unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Nilisimama katika mtaa huo nikitafakari. Kaizari huyu aliipenda pwani ya Norwe kuliko mtalii mwingine yeyote wa zama zake. Tangu mwaka 1889 hadi 1914 alikuja karibu kila kiangazi kwa jahazi lake la kifalme, Hohenzollern, na matajiri wa Ulaya wakamwiga. Lakini ndugu msomaji, mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa mfalme wa babu zetu bila wao kumchagua. Mwaka mmoja na nusu baada ya moto wa Ålesund, Julai 1905, Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Huko hakutuma meli za chakula. Askari wake walichoma maghala na mashamba, na njaa ikamaliza kazi ya bunduki. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Mkono uliotoa blanketi kaskazini ndio ulioshika kiberiti kusini. Na mwezi Julai 1914 alikuwa tena katika fiodi akistarehe pale habari za Serbia zilipomfanya akatishe matembezi na kurudi kwake. Vita iliyofuata haikuishia Ulaya. Juni 1916 Waingereza walitua kisiwani kwetu Ukerewe kuwatoa Wajerumani, na wazee waliokuwa watoto siku zile walitusimulia jinsi walivyojificha kwenye mapango ya mawe. Basi usidhani kwamba pwani ile ya barafu ni mbali sana na sisi.

Lakini si Kaizari niliyekwenda kumtafuta. Historia iliyonikamata ilinipata siku ya tatu, mjini Trondheim.

Katika miaka ya 1880 watu wa kaskazini mwa Norwe walikuwa wametengwa kabisa na nchi yao. Reli haikufika huko, barabara zilikuwa chache, na mawasiliano yote yalikuwa kwa bahari. Meli za mvuke zilikuwepo, lakini zilisafiri mchana tu, na wakati wa baridi huko mchana haupo. Hammerfest, kwa mfano, jua huzama mnamo tarehe 21 Novemba na halionekani tena hadi Januari inapokaribia kwisha. Kwa hiyo barua iliyotiwa posta Trondheim ilifika Hammerfest baada ya wiki tatu wakati wa kiangazi. Wakati wa baridi ilichukua hata miezi mitano.

Niliposoma maneno hayo, miezi mitano, nilivua miwani. Mimi nilikuwa nimebeba uchungu wa siku ishirini na mbili kwa miaka arobaini na sita, nikidhani ni uchungu wa nchi maskini ya Kiafrika peke yake.

Mwaka 1891 mshauri wa serikali juu ya meli, August Kriegsman Gran, alitoa shauri kwamba iwepo njia ya haraka, itakayokwenda mchana na usiku, kiangazi na baridi, kwa ratiba moja. Makampuni mawili makubwa yaliulizwa, la Bergen na la Trondheim, yote yakakataa. Tusiwalaumu upesi. Kaskazini mwa Trondheim zilikuwepo ramani mbili tu za bahari na minara ya taa 28, katika pwani yenye miamba isiyohesabika. Nani atampeleka nahodha wake gizani, katika theluji, aende kwa kukisia?

Aliyekubali alikuwa nahodha wa kampuni ndogo katika mji mdogo wa Stokmarknes, jina lake Richard With, aliyezaliwa Tromsø mwaka 1846. Kampuni yake, Vesteraalens Dampskibsselskab, ilianzishwa mwaka 1881. With hakuwa mbabe wa kujitupa majini. Yeye na rubani wake, Anders Holte, kwa muda mrefu walikuwa wakifanya kazi moja ya kuchosha: kila walipopita mahali waliandika katika daftari dira inaelekea wapi, meli inakwenda kwa mwendo gani, na imechukua dakika ngapi kutoka rasi hii hadi kisiwa kile. Wakaandika, wakasahihisha, wakaandika tena. Hatimaye waliweza kusafiri kwa dira na saa bila kuona nchi kavu. Ramani ambayo serikali haikuwa nayo, wao walikuwa nayo katika daftari.

Tarehe 18 Mei 1893 ukatiwa sahihi mkataba wa miaka minne baina ya kampuni hiyo na serikali. Serikali italipa ruzuku, na meli itakwenda mara moja kila wiki, kiangazi hadi Hammerfest na wakati wa baridi hadi Tromsø. Jumapili tarehe 2 Julai 1893, saa mbili na nusu asubuhi, meli iitwayo Vesteraalen iling'oa nanga Trondheim, With mwenyewe akiwa nahodha. Ilipita bandari tisa. Svolvær ilifika Jumatatu saa mbili usiku, nusu saa kabla ya wakati uliotangazwa. Hammerfest ilifika Jumatano saa tisa na nusu usiku. Ilikuwa imetumia saa 67.

Hebu tuitafakari hesabu hiyo kama mwalimu anavyoitafakari na wanafunzi wake. Wiki tatu ni saa 504. Kwa siku moja ya Julai, mwendo wa barua ulipungua hadi kuwa chini ya sehemu moja kwa saba. Mvuvi aliweza kuuliza bei ya samaki Bergen na kupata jibu kabla samaki hawajaharibika. Mtoto aliyekwenda kusoma kusini aliweza kuitwa mama akiugua. Makampuni makubwa yalipoona giza halikuwameza akina With, yakaomba nayo yaingie mwaka uliofuata. Mwaka 1898 mwanzo wa safari ukahamishiwa Bergen, na tangu 1936 meli ikawa inaondoka kila siku. Watu wakaiita Hurtigruten, yaani njia ya haraka. Jina hilo halikuwa la kampuni moja, lilikuwa jina la ahadi.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi watalitupa mbele yangu: wale ni matajiri, wana mafuta. Nami nilidhani hivyo. Lakini mafuta ya Norwe yaligunduliwa mwaka 1969. Mwaka 1893 nchi ile ilikuwa ya wavuvi na wakulima wa mashamba madogo ya milimani, haikuwa hata na mfalme wake peke yake kwa kuwa iliungana na Sweden hadi 1905, na watu wake kwa malaki walikuwa wakihamia Marekani kukimbia ufukara. Ahadi ilitangulia utajiri.

Siku ya nne tuliingia ndani ya Duara ya Aktiki, na jioni tukafika visiwa vya Lofoten. Hapo nilijiona nyumbani kuliko mahali pengine popote. Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Aprili, samaki mkubwa aitwaye skrei huja kutoka Bahari ya Barents kutaga mayai, na wavuvi humfuata. Humfunga wawili wawili kwa mkia, wakamtundika juu ya chanja za miti, bila chumvi wala moshi, upepo na baridi vimkaushe hadi kiangazi. Chanja, ndugu zangu! Nilizishika kwa mikono yangu. Sisi tunakausha kwa jua, wao kwa baridi, lakini harufu ile haina taifa. Na vichwa vya samaki hao, ambavyo Mzungu hali, huenda Nigeria, ambako ni kiungo kinachopendwa katika mchuzi. Msaada wa samaki hao wakati wa vita vya Biafra, 1967 hadi 1970, uliwaokoa wengi na njaa. Mama wa Kinigeria hajui Lofoten iko wapi, lakini chungu chake kinaijua.

Usiku ule sikupata usingizi. Kabla ya alfajiri nilihisi mashine zinapunguza nguvu, nikavaa makoti yangu, nikatoka. Tulikuwa tunakaribia Risøyhamn, kijiji kidogo cha kisiwani. Meli hufika huko kwa mfereji uliochimbwa katika maji mafupi, ukafunguliwa mwaka 1922. With aliupigania mfereji huo, akauona kabla ya kufa kwake mwaka 1930. Theluji ilikuwa inaanguka kimya kimya. Gati lilikuwa na taa mbili. Meli yetu, yenye ghorofa kama jengo la wizara, ikajisogeza taratibu hadi ikagusa. Mlango wa ubavuni ukafunguliwa, gari dogo la mizigo likatoa masanduku machache. Kisha akashuka mzee mmoja, mkongojo mkono huu, mkoba mkono ule. Mtu mmoja alimngoja na gari. Walipokwisha kusalimiana mlango ukafungwa, na meli ikaondoka. Sidhani kama ilichukua robo saa.

Watalii wote walikuwa wamelala. Hakuna aliyepiga picha. Nami nikabaki pale ukingoni, nikitetemeka, nikijiuliza: meli nzima hii, mabaharia wote hawa, mafuta yote haya, kwa mzee mmoja na masanduku? Na jibu likawa ndiyo. Ratiba ilisema itafika, ikafika. Kama asingekuwepo hata huyo mmoja, bado ingefika.

Tromsø alipanda mama mzee wa miaka themanini, akitoka hospitali, anarudi Hammerfest. Aliketi jirani nami sebuleni. Alikuwa mwalimu mstaafu, na walimu wastaafu hutambuana kama watu wa ukoo mmoja. Alizungumza Kiingereza cha polepole, sawa na changu. Nilipomwambia nasoma habari za meli hizi, alicheka, akasema kwake yeye meli si habari ya kusoma.

Akanisimulia. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1944 alikuwa na miaka mitano. Warusi walikuwa wameikomboa Kirkenes mwezi Oktoba, na Wajerumani walipoanza kurudi nyuma waliamua kuichoma nchi yote ya Finnmark wasiache hata paa moja. Watu wapatao 50,000 waliondolewa kwa nguvu, na wengine wapatao 25,000 wakajificha mapangoni na katika vibanda vya udongo wakati wa baridi. Familia yake ilibebwa kwa mashua ya uvuvi. Aliangalia nyuma akaona wekundu angani, mama yake akamfunika macho kwa shali. Miaka miwili baadaye walirudi kwa meli hii ya pwani. Katika mji mzima wa Hammerfest jengo lililosimama lilikuwa moja, kanisa dogo la makaburini. "Hatukuwa na nyumba," alisema, "hatukuwa na shule, hatukuwa na duka. Lakini meli ilikuja. Mama alisema, mahali meli inapokuja pana watu."

Meli zenyewe hazikupona vitani. Mabaharia waliendelea kusafiri kwa sababu watu wa pwani hawakuwa na njia nyingine, na kwa kuwa Wajerumani walizitumia njia hizo hizo, Waingereza na Warusi wakazishambulia. Septemba 1941 meli iliyoitwa Richard With, kwa jina la mwanzilishi, ilizamishwa na nyambizi ya Kiingereza. Mwezi uliofuata ikazamishwa Vesteraalen, ile ile ya safari ya kwanza, na nyambizi ya Kirusi. Waliokufa walikuwa abiria na mabaharia, si maadui wa mtu. Hata wakati wa amani bahari ilidai chake: mwezi Oktoba 1962 meli Sanct Svithun ilipotea njia usiku, ikapanda mwamba, wakafa watu 41.

Yule mama aliponyamaza, aliniuliza swali la kawaida kabisa. "Na kwenu kisiwani, meli inakuja?"

Nilikawia kujibu. Ilikuwa imepita miezi mitano tu tangu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia Ukara, kikitoka Bugolora, ng'ambo tu ya kwetu. Kilijengwa kubeba abiria 101. Maiti zilizoopolewa zilizidi 220. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wetu wakaangamia. Nilimweleza. Nikamweleza na habari ya barua ya baba, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mgeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkono wake juu ya wangu, asiseme neno. Hammerfest tulifika kabla ya mapambazuko. Alishuka taratibu, nami nikambebea mkoba hadi mlangoni.

Sasa niseme neno juu ya utalii, maana nisiposema nitakuwa nimedanganya. Siku hizi barua za Norwe huenda kwa ndege na kwa lori, wenyeji wengi wana magari, na pasipo watalii huenda meli hizi zisingeweza kujilipia. Wapo wanaolalamika kwamba njia ya haraka imegeuka kuwa hoteli inayoelea. Lakini utalii si jambo geni hapo. Thomas Cook aliwapeleka wageni Nordkapp, jabali lile la mita 307 lililo kaskazini kabisa, mwaka 1875, kabla With hajaanza kazi yake. Na With naye, mwaka 1896, alifungua njia ya matembezi kutoka Hammerfest hadi Spitsbergen, akajenga huko hoteli ya mbao katikati ya barafu. Haikudumu. Baada ya misimu michache ilifungwa, likabaki jina tu, rasi ile inaitwa Hotellneset. Njia ya starehe ilikufa, njia ya posta ikaishi. Mimi naona sababu ni nyepesi. Mtalii akichoka haji, lakini mgonjwa, mwanafunzi na mfiwa hawana hiari. Chombo kilichojengwa juu ya haja ya watu hao kinaweza kumbeba mtalii pia. Kilichojengwa juu ya mtalii peke yake hakiwezi kumbeba mgonjwa. Ndiyo maana serikali yao bado hulipa ili bandari ndogo zisirukwe, na tangu mwaka 2021 kazi hiyo imegawanywa kwa makampuni mawili, moja meli saba na jingine meli nne.

Nilirudi Ukerewe mwezi Aprili 2019. Watu walinitarajia niwasimulie theluji na taa za kijani za angani, nikawasimulia, maana mgeni hurudi na zawadi. Lakini moyoni nilikuwa na kitu kingine. Nilinunua daftari kubwa la mistari, kama lile la mahudhurio. Kila nikienda gatini kupokea au kusindikiza mtu huandika tarehe, saa iliyotangazwa, saa chombo kilipoondoka kweli, na idadi ya watu niliowahesabu wakipanda. Vijana wa gatini mwanzoni walinicheka, wakasema mwalimu amerudi kuita majina. Ofisa mmoja aliniuliza kwa ukali nani amenituma. Nikamjibu kwamba hakuna aliyenituma, naandika tu, kama mzee mwingine anavyocheza bao.

Daftari la kwanza lilijaa, la pili likajaa. Mwaka jana nililipeleka katika mkutano wa kijiji, nikasoma kurasa tatu bila kuongeza neno: tarehe, saa iliyotangazwa, saa ya kweli, watu. Ukumbi ukawa kimya. Baada ya mkutano yule yule ofisa alinifuata nje, akaomba aliazime akanakili. Nikampa. Sijui atalifanyia nini, na katika umri wangu wa miaka sabini na mitano sitazamii kuona kila kitu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hata hivyo najua kwamba With na Holte walianza na daftari, si na meli. Na barua ya baba yangu mdogo nimeitoa katika sanduku la bati, nimeibandika ndani ya jalada la daftari la tatu, ili anayefungua aanze kuona hizo tarehe mbili: siku iliyoandikwa, na siku niliyoisoma.